Mfuko wa Shati la Alain

Rafiki yangu Gloriose ana wivu, hilo sikatai. Mumewe Alain analinda kiwanda cha nguo kilichofungwa huko Pinetown, na Gloriose alishaapa kwamba kuna mwanamke. Mchana mmoja akampelekea chakula ili amfumanie.

Akamkuta peke yake, amesinzia kitini, ameegemea mlango wenye kufuli. Nyuma ya mlango, gizani, cherehani ilikuwa inalia.

“Iko nani humo?”

Alain akashtuka. “Eish, mama Lyse! Hakuna mtu. Mashine ziliuzwa zote.”

Cherehani ikanyamaza. Gloriose akaona mfuko wa shati la mumewe, ule uliochanika, ambao asubuhi aligoma kuushona. Ulikuwa umeshonwa vizuri. Uzi wake haujakatwa, umeshuka na kupita chini ya mlango.

Akainama aukate kwa meno. Kule gizani, mwenzake akauvuta.