Uzito Mtupu

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, kiwanda kilipouzwa na wafanyakazi kupunguzwa, kila mwanaume wa Kihonda alijiona mfanyabiashara. Rehani, fundi mitambo, naye alitaka gari la kushusha ndizi kutoka milimani. Mkewe Asia hakumpinga. Alijua kiinua mgongo alicholipwa mumewe kiwandani ndicho kilichobaki kati ya watoto wao na njaa, akaomba jambo moja tu: waende wote wakalione.

"Sinunui mbuzi kwenye gunia," Rehani alimwambia. "Gari lina ukoo wake, lazima niujue."

Gari lilikuwa Matombo, huko milimani, kwa mjane aitwaye Mwajuma. Kwa mbele ungesema Landrova. Kwa nyuma halikufanana na chochote kilichowahi kupita Morogoro. Kibati cha jina la kiwanda kilikuwa kimeng'olewa, namba ya chesisi imeliwa na kutu. Lakini liliwaka mara ya kwanza tu, na Rehani akatabasamu kama bwana harusi. Tangu kiwanda kiuzwe Asia hakuwa ameliona tabasamu lile.

"Shikamoo, mama," Asia alisalimu.

"Marahaba, mwanangu." Mwajuma aliketi kwenye kigoda, gari amelipa mgongo.

"Mzee aliondoka kwa maradhi gani?"

Mjane akanong'ona, "Msome mlango."

Gari la mizigo huandikwa mlangoni jina la mwenyewe na uzito wake likiwa tupu. Juu, kwenye rangi ya bluu, palikuwa na jina la mume wa Mwajuma, kilo 1,503. Rehani akatoa msasa, akakwangua. Chini yake, kwenye kijani, jina la mtu mwingine: 1,440. Kwenye kijivu, mwingine tena: 1,368. Kwenye bati lenyewe hakukuwa na jina. Namba tu: 1,310.

"Linaongezeka," Asia alisema.

"Waliongeza mabati na mabenchi." Fundi hakosi jibu.

Asia alichungulia ndani. Hakukuwa na benchi hata moja. Alitaka kusema, lakini mumewe alikuwa bado anatabasamu, na hakuwa na moyo wa kumfuta tabasamu lile. Wakanunua.

Jumatatu mchana walilipeleka kwenye mzani wa ghala la pamba. Rehani alishusha tairi la akiba na jeki, akasimama kando na mkewe. Oscar, karani wa mzani, akatoa kichwa dirishani.

"Fundi, shusha abiria."

"Abiria gani?"

Oscar alilitazama gari. Akautazama mzani. Hakutania tena. "Elfu moja mia tano sabini na moja," alisema polepole.

Rehani akaliondoa gari, akapanda mzani mwenyewe kuhakikisha haudanganyi. Kilo sitini na tatu, kama kadi yake ya hospitali ilivyosema. Akacheka kidogo, akachukua brashi, akaandika mlangoni jina lake na 1,571. Asia alikuwa anahesabu kichwani. Kilo sitini na nane zaidi ya zile 1,503. Mtu mzima mmoja.

Alimlazimisha wapande Matombo siku ileile. Nyumba ilikuwa imefungwa, na hakuna aliyejua mjane alikohamia. Jirani aliwaambia kwamba mume wa Mwajuma hakuzikwa. Alikwenda kuliwasha gari asubuhi, hakuonekana tena.

Rehani hakucheka tena. Alipofika nyumbani aling'oa matairi yote, akaliegesha gari juu ya mawe, akatoa betri, akaapa hataligusa.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, jua kali, Asia alikuwa anatoka bombani. Akasikia muungurumo wa injini. Ndoo ikamdondoka. Alikimbia. Alipofika uani, kimya. Mlango wa gari ulikuwa wazi. Kandambili za Rehani zilikuwa chini, zimepangwa vizuri. Kiti kilikuwa na joto. Akaita. Akaita tena. Ndipo akauona mlango. Ile 1,571 haikuwepo. Paliandikwa 1,634, kwa mwandiko wa Rehani, rangi mbichi inachuruzika.

Walimtafuta hospitali, polisi, mitoni na kwa waganga. Asia alilia hadi sauti ikakauka. Mwaka wa tatu, watoto walipoanza kulala na njaa, alikuja mnunuzi kutoka Dumila, Thobias, mtu makini kweli. Alimkuta Asia kwenye kigoda, gari amelipa mgongo. Hata mwenyewe hakujua ameanza lini kukaa hivyo.

"Pole, dada. Shemeji aliondoka kwa maradhi gani?"

Asia aliona aibu, lakini watoto walikuwa na njaa. Akampa msasa.

"Usome mlango, kaka yangu. Nakuomba, usome vizuri."

Akasikia msasa ukikwangua. Alimwomba Mungu mtu huyu aelewe, akimbie.

"Uzito unapanda," Thobias alisema. "Naona waliongeza mabati."

Asia alifumba macho.

"Ila dada, hii 1,634 ya juu nani kaiandika leo?" Thobias alimzungukia mbele, akamwonyesha kidole. Kilikuwa kimejaa rangi ya Rehani, bado mbichi.