Ufunguo Tumemwachia Bibi

Mimi si mtu wa kuamini mambo ya gizani. Nimeshona nguo za watu tangu usichana wangu, na cherehani imenifundisha kwamba kila tundu kwenye kitambaa lina chanzo chake: panya, sigara au uzembe. Kwa hiyo usidhani ninayasimulia haya kwa raha. Yalimpata baba yangu mzazi, na mimi nilikuwepo.

Yalianza Jumamosi ya kawaida tu, mchana wa jua kali. Nilikuwa nimetoka kwenye karakana tunakoshona sare za shule, nikamkuta baba amekaa kwenye ngazi za jengo letu, kofia gotini, anatazama magari kwenye maegesho.

"Shikamoo baba. Mbona umekaa nje?"

"Marahaba mwanangu. Nilitoka kunyoosha miguu."

"Na ufunguo wako uko wapi?"

"Nimemwachia Bibi Funguo."

Nilicheka. Baba alikuwa na utani mkavu, anaweza kukudanganya huku anakutazama machoni bila kupepesa. Nikafungua mlango kwa ufunguo wangu, nikaweka maji ya chai jikoni. Bibi Funguo alikuwa amekufa zamani, hata kabla mtaa wetu haujabomolewa.

Hapo tulipokuwa tunakaa ndipo ulipokuwa mtaa huo. Walikuja na tingatinga wakaufyeka wote, wakajenga maghorofa, na sisi wenyeji wachache tukapewa vyumba vya chini badala ya nyumba zetu. Baba alikuwa msoma mita wa maji. Mita za zamani zilikaa ndani ya ua, chini ya kifuniko cha chuma, kwa hiyo ilimbidi apige hodi kila nyumba, ainame, anyanyue kifuniko, asome. Watu walimwita Mita mpaka jina lake wakalisahau. Kazi ile ilimvunja mgongo, ikampa marafiki wa mji mzima.

"Mji ulikuwa mji," alipenda kusema. "Ukipiga chafya, nyumba ya tatu wanakuombea afya. Siku hizi mtu anakufa chumbani, jirani anaarifiwa na harufu."

Nilikuwa namchokoza. "Na ile foleni ya bomba je, baba? Na matope ya masika?"

"Hata matope yale yalikuwa na watu ndani yake," ananijibu. "Mama yako alifia katikati ya watu. Mimi nitafia kwenye maegesho ya magari."

Neno hilo lilikuwa linanichoma. Nilikuwa nimebaki na yeye tu. Kaka yangu anaishi upande wa pili wa mji na mambo yake, mume wangu alishakwenda na njia zake, na nilichotaka duniani ni baba aishi, azeeke pale kitini kwake, anilalamikie chumvi kila siku. Na tuseme kweli: hata mimi niliukumbuka ule mji. Nilikumbuka milango iliyoshinda wazi, redio moja iliyosikika vichochoro vitatu, na mama akiniita kwa sauti ya kukwaruza.

Na nilimkumbuka Bibi Funguo. Enzi zile hakuna aliyetembea na funguo mfukoni kama askari jela. Ukitoka, unafunga mlango, ufunguo unampelekea yeye, jirani wa mkabala. Alikuwa na ubao wenye misumari nyuma ya mlango wake, na kila ufunguo alikuwa ameufunga uzi wa rangi yake. Wetu ulikuwa wa kijani. Ukiondoka muda mrefu, anaingia kwako, anafagia, anakujazia maji na kuyafunika. Jioni watoto tunatumwa kuuchukua. Lakini hakupi kwanza. Anauliza: "Mmerudi wote?"

Ukimjibu ndiyo, anafunga mlango wake akalale. Kama kuna aliyebaki, lazima umtaje: "Bado kaka, Bibi." Basi hafungi mpaka huyo afike. Kuna siku kaka alilala kwa mjomba tukasahau kumwambia, na asubuhi tulimkuta kizingitini, macho mekundu, mlango wazi, anamsubiri. Mama alitutandika wote.

Sasa, baada ya Jumamosi ile, ufunguo wa baba nikaukuta umerudi kwenye ndoano yake ukutani. Umefungwa uzi wa kijani.

"Umeutoa wapi uzi huu?" nikamuuliza.

"Si wa kwetu huo? Umesahau mara hii?"

Niliupeleka dirishani. Uzi ndiyo kazi yangu. Ule ulikuwa pamba iliyosokotwa kwa mkono na kutiwa rangi nyumbani, uzi ambao sijauona dukani tangu utoto. Na fundo lake lilikuwa limegeuzwa upande wa kushoto. Bibi Funguo alikuwa wa mkono wa kushoto. Nikajiambia baba ameuokota kwenye masanduku yake ya zamani, nikaurudisha kwenye ndoano.

Kisha nikaanza kurudi kazini nikikuta nyumba imefagiwa. Imefagiwa hasa, mpaka chini ya kitanda. Jagi la maji limejaa, limefunikwa kwa sahani. Nilifurahi, sikufichi. Nani asiyependa kurudi jioni akakuta kazi imekwisha? Nikamshukuru baba.

"Mshukuru jirani," alisema. "Mimi na mgongo huu nitashika ufagio?"

Nilisimama na jagi mkononi. Ni kweli. Hata viatu nilikuwa namvalisha mimi.

Jirani wa kulia ni mwalimu, hatujawahi hata kupeana jina. Wa kushoto ameweka milango miwili ya chuma. Nikawauliza wote, wakanitazama kama niliyekuja kukopa.

Siku moja niliomba ruhusa kazini, nikajibanza nyuma ya gari nimfuate baba. Ilikuwa saa tisa mchana, lami inachemka. Alifunga mlango, akaingia maegeshoni. Hakukatiza. Alikwenda kando, akapinda kona ambayo haipo, akainamisha kichwa kama anapita chini ya paa fupi, akapinda tena. Njiani aliinua mkono kusalimia. Huku, kisha huku. Mlinzi wa maegesho alikuwa anacheka peke yake.

Baba alisimama mbele ya ukuta mtupu wa chumba cha jenereta. Hakuna dirisha pale, hakuna mlango.

"Hodi," alisema taratibu.

Sikusikia kitu. Lakini baba alitabasamu, akanyoosha mkono wenye ufunguo mpaka karibu na ukuta, akausubirisha pale. Alipourudisha mkono, ulikuwa mtupu.

Alipoondoka nilikwenda kutafuta. Nilipapasa ukuta mzima, nikapekua majani yaliyoota pembeni. Chini kulikuwa na kifuniko cha mita cha zamani, kimezama kwenye lami. Nikapata matumaini: kumbe anaudumbukiza hapa! Nikakichokonoa kwa mkasi wangu. Kilikuwa kimeganda, lami imekijaza kingo zote. Hata sindano isingepita.

Nikainuka. Pale ukutani palinuka moshi wa mkaa.

Kesho yake nikaleta fundi vitasa, akabadilisha kitasa kizima. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na hadithi zake hazikukoma mpaka alipokitoa kile cha zamani. Akakitikisa kiganjani. Likatoka vumbi jekundu, laini, likajaa kiganja.

"Dada, hapa si lami tupu?" aliuliza. "Hili vumbi la uchochoroni limeingiaje huku?"

Nilimlipa, nikafagia.

Baba alipoona kitasa kipya, alikaa chini kwenye zulia. Sikuwahi kumwona baba akikaa chini.

"Unamfungia jirani mlango?"

"Baba, Bibi Funguo amekufa. Ulimzika wewe mwenyewe, ulibeba jeneza."

"Najua amekufa," alisema. "Mimi si kichaa. Lakini nilipiga hodi siku moja kwa kutania tu, nikaitikiwa. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungeacha kumsalimia?"

Alilia, na mimi nikalia. Nikamwapisha: ufunguo mpya ni wake na wangu, asimpe mtu mwingine, aliye hai wala asiye hai. Akaapa. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini sana:

"Akija akakuta kumefungwa, atajuaje kama tumerudi?"

Sikulala vizuri. Asubuhi nilimwacha kitini, ufunguo mpya umefungiwa kwenye mkanda wake kwa pini. Nilishona vibaya siku ile, nikageuza mikono ya mashati nje ndani, msimamizi akanifokea. Saa tisa nikatupa kazi, nikakimbia nyumbani.

Mlango umefungwa. Nikafungua. Kiti kitupu. Chumbani hayupo. Bafuni hayupo. Jagi lilikuwa mezani, limefunikwa kwa sahani.

Nikatoka mbio mpaka maegeshoni. "Baba!" Mlinzi hakuwepo kibandani. Nikafika kwenye ukuta wa jenereta. Hapakuwa na mtu.

Halafu magari ya barabarani yakanyamaza.

Jua lilikuwa palepale. Kivuli changu kilikuwa palepale. Ila sauti ziliondoka, na zikaja nyingine. Ndoo zikigongana kwenye foleni ya bomba. Redio. Mtu akipiga chafya, na mwingine, mbali, akimwombea afya. Zilitoka ndani ya ukuta. Nikasikia kikohozi cha baba. Kisha sauti ya kukwaruza, ya mwanamke, ikinung'unika kwamba chai inapoa.

Mama.

Niliweka shavu ukutani. Ulikuwa wa moto. Nilitaka kuingia. Usinicheke, kama kungekuwa na mlango, ningeingia.

Ndipo sauti nyingine iliponinong'oneza, karibu na sikio, kama ukuta ule una unene wa karatasi.

"Mmerudi wote?"

Kuna mambo mwili unayajibu kabla yako. Tulifundishwa kusema kweli. Tulichapwa kwa kutosema. Nikafungua mdomo, nikajibu kitoto kabisa:

"Bado mimi, Bibi."

Kisha nikasikia ufunguo ukitundikwa kwenye msumari.

Honi ikanishtua. Barabara ikarudi, mlinzi yuko kibandani, ananikodolea macho. Nilirudi nyumbani. Mlango nilikuwa nimeuacha wazi kwa haraka zangu. Sasa ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Nikafungua.

Baba alikuwa kitini kwake. Kofia gotini. Alikuwa amekwisha kufa, na uso wake ulikuwa na ile furaha ya mtu aliyekatishwa katikati ya hadithi nzuri. Nilipiga magoti kumvua viatu. Vilikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kamba. Na kamba zilikuwa zimefungwa na mtu mwingine, fundo upande wa kushoto.

Daktari alisema ni moyo, na umri. Sikubishana naye. Kaka alikuja, waliomwosha walikuja, tukatafuta ule ufunguo mpya. Pini ilikuwepo kwenye mkanda, imefungwa vizuri. Ufunguo haukuwepo. Mpaka leo haujapatikana.

Nilihama wiki ileile. Sasa naishi kwa kaka, upande wa pili wa mji, ghorofa ya juu kabisa, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mtaa wowote. Palikuwa shamba la mkonge. Ufunguo wangu nauvaa shingoni, nalala nao, naoga nao. Wifi yangu anasema nimekuwa mtu wa ajabu, na wifi ana haki yake.

Kwa sababu ninajua nilichosema. Bibi hafungi mlango mpaka wote wafike, na mimi nimemwambia nani amebaki. Kuna siku nilidhamiria nirudi pale ukutani nimwambie tumerudi wote, akalale. Nikafika hadi kituo cha basi, nikageuza. Maana mtu hasemi amerudi ila akiwa amefika kwao.

Mwezi wa kwanza haukuwa na jambo. Kisha asubuhi moja, nikijifunga kanga, nikagusa kifua, nikakuta uzi wa kijani umefungwa kwenye ufunguo. Pamba ya kusokota, fundo kushoto. Niliukata kwa mkasi, nikauchoma kwenye jiko. Kesho yake ulikuwepo. Nikaukata. Ukawepo. Wifi akaniuliza mbona siku hizi naamka kabla ya watu nikafagia nyumba. Sijawahi kushika ufagio kwake kabla ya jua kuchomoza.

Nimekuwa nikiukata kila asubuhi, bila kukosa. Leo nimeuona, nikaushika. Ulikuwa na joto kidogo, na harufu ya mkaa. Nikasikia kwa mbali mtu akilalamika kwamba chai inapoa.

Nimekuja kazini nao. Upo hapa shingoni, na mkasi upo hapa mezani, na tangu asubuhi sijaushika.