Pete ya Mouna Kwenye Kipaza Sauti

— Anasema nini? Mufasiri, mbona umenyamaza? Yule mama anasema nini?

Twahiri alisimama kando ya kitambaa cheupe cha sinema, kipaza sauti mkononi, jasho likimtiririka mgongoni. Juu ya kitambaa, mwanamke mwenye nywele nyeupe kama unga wa muhogo alisimama dirishani, akitazama theluji na kusema maneno mengi huku akilia.

Twahiri hakuelewa hata moja.

Heshima yote iende kwa Klabu ya Sinema ya Kalemie. Wanachama wake walikuwa wameapa kutazama filamu za sanaa tu, zile za zamani, zisizo na rangi wala bunduki, ambamo mtu huweza kutazama dirisha mpaka jenereta iombe mafuta. Kila Jumamosi baada ya adhuhuri walikusanyika katika ukumbi wa zamani wa wafanyakazi wa reli, wakaziba madirisha kwa maturubai, wakateseka pamoja kwa furaha. Filamu zilitoka nchi za mbali na hazikuwa na maandishi ya Kifaransa. Kwa hiyo klabu ilikuwa na desturi yake: mfasiri husimama mbele na kusema kwa Kiswahili kila kinachosemwa.

Kwa filamu za Kifini mfasiri alikuwa Twahiri. Aliwahi kumtembeza mgeni mmoja kutoka Ufini, na mgeni huyo alimfundisha mambo mawili: kuamkia asubuhi na kuomba kijiko. Kwa elimu hiyo Twahiri alikuwa ameshafasiri filamu tatu nzima, na watu wazima walikuwa wamelia.

Safu ya tatu alikaa Mouna, muuza dawa katika duka la shangazi yake. Yeye na Twahiri walipendana kwa siri. Siku hiyo Mouna alikuwa ameahidi kumpa Twahiri jibu mara filamu ikiisha: atume wazee kwa baba yake, Mzee Souleymane, au asitume.

— Mufasiri, umelala? aliuliza Mama Victorine kutoka safu ya mbele. Anaangalia pete. Anaisemea nini?

Kweli, mwanamke wa kwenye kitambaa alikuwa ameinua mkono na kuitazama pete kidoleni mwake. Twahiri alitafuta neno kichwani. Kulikuwa na kijiko tu. Ndipo mdomo ukafunguka wenyewe.

— Anasema: pete hii hakuna mwanaume aliyenipa. Nilijinunulia sokoni.

Ukumbi ulicheka. Kicheko kikubwa, cha tumbo, cha watu waliokaa kimya muda mrefu mbele ya theluji.

Katika Kalemie nzima, Mouna alijulikana kama msichana aliyemkataa tajiri wa Kigoma. Tajiri alikuja, akanywa chai kwa Mzee Souleymane, akavuka ziwa, na Mouna akabaki na pete kama ushahidi kwamba aliposwa na kwamba yeye ndiye aliyekataa. Mabinti wa mtaa walimheshimu. Baba yake alitembea akiwa ameinua kidevu. Kumbe tajiri hakutoa pete wala hakupiga simu tena. Mouna alijinunulia pete ili majirani waache kuuliza. Siri hiyo alikuwa amemwambia mtu mmoja tu duniani, Twahiri, kwa simu, akinong'ona chini ya shuka.

Sasa Twahiri angeweza kunyamaza. Mwanamke wa Ufini alikuwa ameacha kusema, alikuwa analia tu. Lakini kicheko kile kilikuwa kitamu, na Twahiri alikuwa kijana wa kupenda vitu vitamu.

— Anasema: niliwaambia watu nimekataa tajiri. Tajiri hakurudi hata kuaga. Hata baba yangu hajui, maskini, anatembea mjini akijisifu juu yangu.

Wakapiga makofi. Mtu alipiga mluzi. Twahiri akatabasamu, akageuka kumtafuta Mouna ili aone kama naye amefurahi.

Mouna alikuwa ameuingiza mkono wa kushoto chini ya mtandio. Hakumtazama. Alitazama kitambaa, lakini kama mtu anayetazama ukuta.

Tabasamu la Twahiri likaganda palepale, na filamu ilikuwa bado ndefu.

Ilipokwisha, maturubai yalishushwa, jua likaingia. Papa Omer, mwenyekiti wa klabu, mstaafu wa reli anayevaa koti hata wakati wa joto, alifunga mlango kwa ufunguo. Hiyo pia ilikuwa desturi: hakuna kutoka kabla ya mjadala.

— Wapendwa, alisema. Sinema si kelele, sinema ni kufikiri. Tumufikirie mwanamuke huyu wa pete. Nani ana neno?

Wote walikuwa nalo.

— Mimi naona ni muongo, alisema Mama Victorine. Tena muongo mubaya, mwenye kudanganya muzazi.

— Kujinunulia pete ni kama kujipigia simu mwenyewe, alisema Samy, fundi wa jenereta. Utapokea useme nini?

Wakacheka tena. Twahiri alichomoa simu, akaandika akiwa ameificha nyuma ya paja.

"Mouna nisamehe. Ilinitoka tu. Sikukusudia."

Alimwona akisoma. Jibu lilikuja upesi.

"Ile ya pete ilikutoka. Na ile ya baba, ilikutoka pia?"

Aliandika, akafuta, akaandika, akafuta. Masikio yalimwaka kama aliyepigwa makofi na prefe, mkuu wa shule, mbele ya wanafunzi wote.

— Mimi namuhurumia baba yake, alisema Bijou, jirani yake Mouna, msichana mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Kuchekwa na muji muzima bila kujua.

— Neno zito, alisema Papa Omer. Binti Mouna, wewe kila mara unatupatia neno la akili. Unamuonaje huyu mwanamuke?

— Leo sina neno, Papa.

— Hata moja?

— Hata moja.

Bijou aligeuka kwenye kiti. Aliutazama mtandio wa Mouna, mahali mkono ulipojificha, akautazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

— Mouna, mukono unakuuma?

Twahiri akasimama kabla hajajua atasema nini, kama ilivyo kawaida yake.

— Papa Omer, naomba neno.

— Mufasiri hana neno kwenye mujadala. Ni sheria.

— Mimi si mufasiri. Sijui Kifini.

Kila mtu akakaa wima, kama bweni linaposikia viatu vya msimamizi.

— Rudia, alisema Papa Omer.

— Sijui Kifini. Najua kuamkia na kuomba kijiko. Filamu zote nne nilijitungia. Yule mama sijui alisema nini. Labda analia juu ya mume, labda juu ya ng'ombe wake.

— Na ile filamu ya padri? aliuliza Mama Victorine kwa sauti ndogo. Ile nililia wiki mbili?

— Ile pia, Mama.

Mama Victorine aliketi vizuri kitini, akakunja mikono, akamtazama kama mtu anayedai machozi yake yarudishwe.

— Basi hata hii ya pete ulijitungia, alisema Bijou.

— Nilijitungia.

— Ulijitungia, ao uliambiwa?

— Nilijitungia, Bijou. Hakuna mwanamuke wa namna hiyo.

— Yuko.

Sauti ilitoka safu ya tatu. Mouna alikuwa amesimama. Aliutoa mkono chini ya mtandio, akaunyoosha mbele ya watu, vidole vimeachana, pete iking'aa kwa uongo wake wote.

— Hakujitungia. Ni mimi. Pete njo hii. Tajiri wa Kigoma alikunywa chai yetu, akaenda, hakupiga simu. Mimi nikaenda sokoni. Mulicheka muzuri sana wakati nilikuwa nimekaa. Sasa nimesimama, mucheke tena.

Samy alitazama viatu vyake. Bijou alitazama dirisha.

— Mouna, alianza Twahiri.

— Wewe, hapana. Umeshasema vya kwako na vya kwangu. Papa Omer, naomba mulango. Nataka baba yangu asikie kwangu, kabla hawa hawajafika sokoni.

Papa Omer, ambaye hakuwahi kumfungulia mtu mlango kabla ya mjadala kwisha, hata siku mke wake alipopatwa na uchungu wa kuzaa, alifungua. Akavua na kofia.

Mambo yaliyompata Twahiri baada ya hapo yanafaa kusimuliwa kwa upole. Klabu ilimnyang'anya kipaza sauti. Mji ulimpa jina, Bwana Kijiko. Kwenye kituo cha pikipiki madereva walimngoja kila asubuhi.

— Mufasiri, pikipiki yangu inakohoa. Inasema nini?

— Inasema ipatiwe kijiko, alijibu mwingine.

Hayo aliyavumilia. Lililomshinda ni kupita mbele ya duka la dawa. Alipita upande wa pili wa barabara, uso chini, na hata kichwa kilipomuuma hakuthubutu kuingia kununua dawa. Alituma ujumbe, haukujibiwa. Alituma mwingine wa kuomba radhi kwa ule wa kwanza. Hatimaye akaacha, kwa sababu aliona kwamba hata kuomba msamaha alikuwa anaongea mno.

Ijumaa moja, alipotoka msikitini, simu iliita.

— Ni mimi.

— Mouna.

— Sikiliza tu. Nilimwambia baba siku ileile. Aliiacha chai mpaka ikapoa. Kisha akauliza nani wengine wanajua. Nikamwambia, klabu yote. Akasema: basi kesho nitapita sokoni mapema, ili wanione bado niko na miguu.

— Akapita?

— Alipita. Watu walimuamkia. Wengine walicheka nyuma yake, alisikia. Alirudi, akalala mchana, yeye asiyelala mchana.

Twahiri aliketi juu ya jiwe kando ya barabara.

— Ni kosa langu.

— Ni letu. Uongo ulikuwa wangu, wewe uliutia kwenye kipaza sauti. Lakini mimi nilikuambia chini ya shuka, Twahiri. Ulijua ni ya chini ya shuka.

— Nilijua.

— Wakati watu walicheka, wewe ulifurahi.

Alitaka kukataa. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, mazuri, yamepangwa.

— Nilifurahi, alisema.

Upande wa pili Mouna akapumua.

— Hilo njo neno la kwanza la kweli nimesikia kwako tangu siku ile. Baba aliniuliza ni nani alitoa siri. Nilimwambia. Akauliza kama nakupenda, nikamwambia pia. Sasa anakutaka nyumbani na wazee. Musemaji awe Papa Omer. Aseme yote, bila kukuosha. Na wewe usitoe sauti. Hata moja. Ukisema neno moja, usirudi.

Jumapili walikwenda. Papa Omer alikuwa na koti lake, Twahiri alikuwa na kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama peke yake. Mzee Souleymane aliwakaribisha mkekani. Mfanyabiashara huyu wa kuvusha bidhaa ziwani alikuwa mwembamba na mpole, na upole wake ulimtisha Twahiri kuliko fimbo.

— Karibu, Omer. Niambie huyu kijana wako ni nani.

— Mzee, alisema Papa Omer, akikohoa kama anayetambulisha filamu, kijana ni wa jamaa nzuri. Anafanya kazi bandarini, haibi, anasali. Lakini ana mapungufu. Alitudanganya klabu nzima filamu nne. Nilimpa mukono wa pongezi mbele ya watu, mimi, na nilikuwa napongeza kijiko.

— Na binti yangu?

— Binti alimwambia siri, kijana akaitangaza. Si kwa ubaya. Kwa kupenda kuchekesha. Sijui kama hiyo ni afadhali.

— Si afadhali, alisema Mzee Souleymane. Mubaya unamuogopa, unafunga mulango. Huyu utamfungia nini?

Alimgeukia Twahiri.

— Kijana. Mimi nilitembea sokoni nikichekwa. Uko na neno la kuniambia?

Twahiri alikuwa nalo. Alikuwa na mia. Macho yalijaa, machozi yakamshuka mpaka kwenye kanzu, wala hakuyafuta. Papa Omer alimkanyaga mguu, kwa tahadhari tu.

— Mbona hajibu?

— Amekatazwa, Mzee.

— Na nani?

— Na binti yako.

Mzee Souleymane alimtazama kijana yule akilia bila sauti. Hakumharakisha. Papa Omer mwenyewe, bingwa wa filamu za polepole, alianza kujikuna.

— Mouna, aliita hatimaye.

Mouna akatokea mlangoni, akasimama nusu ndani, nusu nje ya pazia.

— Bado unamutaka huyu?

— Namutaka, baba. Lakini aibu aliyonipatia bado haijaisha.

— Ile niliyompatia mama yako haijaisha mpaka leo, alisema mzee, na nyuma ya pazia mwanamke mtu mzima alikohoa kuthibitisha. Basi tufanye nini?

— Umukubalie. Lakini arusi ingoje kidogo. Nataka kwanza kumuzoea akinyamaza.

Mzee akakunjua mikono, akaiinua mbele ya kifua.

— Tusome Fatiha.

Papa Omer, ambaye ni Mkatoliki, alivua kofia na kuinamisha kichwa. Mzee alisoma taratibu. Alipomaliza, kila mtu aliitikia, hata yule wa nyuma ya pazia, isipokuwa Twahiri. Yeye alikuwa amebaki na viganja hewani, mdomo umefungwa, akimtazama Mouna kwa uso wa mtu anayeomba ruhusa ya kuvuta pumzi.

Mouna akainamisha kichwa kidogo, kumruhusu.

— Amina, alisema Twahiri, kwa sauti ya chini, na hakuongeza kitu.