Wimbo wa Majibu Kwenye Kamba ya Nguo

Kila nikitoka shule nilimsaidia shangazi kuanika nguo. Shangazi ni dobi, na zile kamba tano za uani hazikukaa tupu ila siku za mvua. Nilibana vibanio huku nikiimba: "Moja B, mbili D, tatu A..." Mpaka arobaini!

Wimbo huo niliutunga mwenyewe. Dada wa jirani alinipa karatasi ya zamani ya mtihani wa kuingia shule ya sayansi, pamoja na majibu yake. Ya nini kujitesa na maswali? Nikiamini maswali hurudi yale yale kila mwaka, nikakariri herufi, nikajiona mjanja kweli. Shule ile niliitamani kuliko kitu chochote, na mtihani wake hufanywa mara moja tu.

Miezi miwili kabla ya mtihani, mwalimu wa sayansi akatupa jaribio. Alitumia maswali ya karatasi ile ile, lakini aliyachanganya. Mimi nikajaza B, D, A bila kusoma hata swali moja, nikawa wa kwanza kumaliza. Nilipata sita kati ya arobaini.

"Chiriku," mwalimu aliniita kwa jina langu la utani, "umejibu kwamba damu husukumwa na figo. Kweli?"

Darasa zima likaangua kicheko. Lo, niliona aibu!

Nyumbani nilianika kimya. "Leo una nini? Wimbo uko wapi?" shangazi akauliza. Nikalia, nikamweleza yote.

"Kumbe ulikuwa unaimba herufi! Mie nikadhani ni nyimbo zenu za shule." Akaguna. "Haya, shuka hii nikiianika imekunjwa mara nne, itakauka saa ngapi?"

"Aa, shangazi! Haikauki leo hiyo. Lazima uitandaze ipate upepo."

"Kwa nini?"

"Mh! Nimeanika nguo miaka mitatu, sababu siijui!"

"Hata mie siijui," alisema. "Kesho kamuulize mwalimu, uje unifundishe."

Mwalimu alinieleza kwamba maji hugeuka mvuke yakaondoka kwenye kitambaa, na kitambaa kikitandazwa kwenye upepo maji huondoka haraka. Tangu hapo sikumwacha apumue. Sabuni inaondoaje mafuta? Mbona mpini wa pasi si wa chuma? Jioni shangazi alinisikiliza huku akisugua kola, na nisipoeleweka alinirudisha mwanzo.

Siku ya mtihani, maswali yote yalikuwa mapya. Moja liliuliza: kwa nini mtu aliyetoka kuoga husikia baridi upepo ukimpiga? Nililisoma mara mbili. Kisha nikakumbuka vidole vyangu vilivyokuwa vikipata baridi kila nilipoanika shuka mbichi kwenye upepo. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto la mwili! Nikachagua jibu hilo huku nikitabasamu peke yangu.

Matokeo yalipotoka, nilikuwa wa tisa kati ya waliochaguliwa. Shangazi aliangusha beseni, akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

"Umeona, mwanangu?" alisema akinikumbatia kwa mikono yenye povu. "Ulipokariri herufi, maswali yalipohama tu ukapotea. Sasa unajua sababu, hata swali libadilishe nguo, utalitambua. Haya, kuna shuka mbili hazijaanikwa. Na uniimbie, lakini herufi sitaki kuzisikia!"