Nilitia Sahihi Vipimo vya Nyota Ambavyo Hakuna Aliyevipima

Nina miaka thelathini na nane, sina mume, sina mtoto, na jina langu liliwahi kufutwa kwenye orodha ya nyota. Msicheke, wasomaji wenzangu. Najua wengi wenu hamjui kama kuna orodha ya nyota, wala kama mwalimu wa Morogoro anaweza kuandikwa humo. Mimi niliandikwa. Nikakaa humo miezi saba, kisha nikafutwa kama jina la mwanafunzi mtoro.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika sekondari moja hapa mjini, chini ya milima. Kwetu ni Matombo, ambako mama yangu bado analima ndizi na mdalasini. Naitwa Skolastika, lakini wote huniita Mwalimu Skola.

Miaka sita kabla ya mkasa huu kulikuwa na semina ya walimu kuhusu upimaji wa nyota. Tulianza zaidi ya ishirini. Wengi walikuja kwa ajili ya pilau la mchana, na walipogundua kwamba kuna kazi ya kufanya, kila mmoja akapata msiba kijijini kwao. Mwisho wa wiki tulibaki wawili, mimi na mwalimu wa fizikia wa shuleni kwetu, Gervas, mtu wa Gairo. Laiti na yeye angepata msiba!

Kwanza niwaondoe ujinga. Upimaji wa nyota si utabiri. Walimu wenzangu wenye shahada zao walinijia na tarehe za kuzaliwa za waume zao, eti niwaangalizie kama nyota zinapatana. Mmoja hanisalimii mpaka leo kwa sababu nilimwambia ukweli, kwamba nyota hazimjui mumewe.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna nyota ambazo kwa macho unaona moja, kumbe ni mbili, moja inaizunguka nyingine polepole sana. Unapima umbali kati yao, na unapima pembe, yaani ile ndogo iko upande gani wa ile kubwa. Ukipima leo, na mwingine akapima baada ya miaka kumi, njia ya nyota huanza kuonekana. Kutokana na njia hiyo wataalamu hujua hata uzito wake. Vipimo vyote huingizwa katika orodha moja kubwa, na jina la mpimaji huandikwa pembeni.

Wala hatukuwa tukikesha nje na darubini. Darubini ilikuwa nchi nyingine, juu ya mlima, inajiendesha yenyewe. Ilitutumia picha kwa mtandao, nasi tulizipima mchana, baada ya vipindi, katika chumba cha kompyuta chenye feni inayolia kama mlango mbovu.

Sheria kubwa tuliyofundishwa ni moja. Usitazame kipimo cha zamani kabla hujapima wewe. Ukishajua jibu, jicho lako litalitafuta, na utapima unachokitaka badala ya kilichopo. Mimi niliishika sheria hiyo kama amri ya kanisani. Gervas je? Yeye alikuwa akifungua orodha kwanza, kisha anafungua picha. Nilimwona siku ya tatu tu ya kazi. Nikanyamaza... Huo ndio ukawa mchezo wangu, kuona na kunyamaza.

Nilikuwa na jozi kumi na nne za nyota, na moja niliipenda kuliko zote. Ilikuwa hafifu, katika kundi la nyota liitwalo Nge. Kila mwaka niliagiza picha zake kumi, na kila picha niliipima mara tatu. Mwaka wa nne nikagundua kitu. Ile nyota ndogo ilikuwa inakwenda haraka kuliko wataalamu walivyokadiria. Nikapima upya. Mwaka wa tano, vilevile. Mwaka wa sita, vilevile!

Nilimwendea Gervas mbio mpaka kiatu kikanivuka. Alinitazama kwa huruma, huruma ile ya mtu asiyejua kitu.

"Skola," akaniambia, "wewe wa kule kwenye migomba ndiye utakayewasahihisha wataalamu wa dunia nzima?"

Mwanamke mwenye akili angeondoka pale pale. Lakini nitasema ukweli wote, kwa maana ndio ulionileta hapa. Nilikuwa nampenda. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, na wadogo zangu wote walikuwa wameolewa. Gervas aliniletea chapati za saa nne, akanibebea madaftari, akampigia mama simu kila Jumapili na shikamoo ndefu utadhani anasoma risala. Mapenzi upofu, na mimi nilipofuka macho yote mawili nikiwa na kazi ya kutazama.

Alileta posa. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, na mjomba wangu alimhoji kwa umakini mkubwa. Alitazama koti lake, akatazama viatu vyake, akauliza kama anakunywa pombe. Basi, mahojiano yakaisha! Mbuzi wa kununua mnadani huchunguzwa meno, lakini mwanamume wa kumkabidhi mpwa wako inatosha awe na koti.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyojikaanga. Ilikuwa wakati wa kukusanya vipimo vyetu vya miaka sita na kuvituma kwa watunza orodha. Vilikuwa havijatumwa bado, kwa sababu tulitakiwa kupeleka ripoti moja iliyokamilika. Gervas alikuwa anaomba nafasi ya kusoma ng'ambo, na alitaka ripoti nene. Jozi zangu kumi na nne hazikumtosha. Alisema na yeye atapima arobaini wakati wa likizo.

Jozi arobaini kwa likizo moja! Shule ilipofunguliwa nikaenda kwenye kompyuta kuziona picha zake. Mafaili yalikuwa yamefungwa vilevile kama yalivyofika kutoka kwenye darubini. Hakuna hata moja lililofunguliwa.

Nilimuuliza. Hakuona hata aibu. Alisema namba zipo tayari kwenye orodha, yeye kaongeza kidogo hapa na kupunguza kidogo pale ili zisifanane sana. Nikafunua ukurasa wa jozi yangu ya Nge katika ripoti. Alikuwa amezibadilisha namba zangu zote za miaka sita, zikakubaliana na makadirio ya wataalamu. Alisema ameniepusha na aibu.

Nilimwambia sitaki. Gervas akanishika bega, akasema kwa sauti ya chini, "Tia sahihi, mke wangu. Mambo madogo haya."

Alikuwa hajawahi kuniita mke wangu... Nikatia sahihi.

Mnasikia, dada zangu? Sikulazimishwa. Sikulaghaiwa. Nilijua kila kitu, nikachukua kalamu. Msinipe huruma ambayo sikuistahili.

Wiki iliyofuata ilikuwa send-off yangu, sherehe ya kuniaga kwetu. Ukumbi ulipambwa, mama alishuka kutoka Matombo na kina mama wa jumuiya, mjomba alitoa hotuba ya saa nzima kuhusu tabia njema. Mpiga video akaniletea video, kubwa ajabu, na kompyuta yangu ndogo ilikuwa imejaa. Imejaa nini? Picha za nyota za miaka sita. Gervas akasema, picha za nini tena wakati ripoti imeshakwenda? Nikazifuta. Kule kwenye darubini picha hutunzwa mwaka mmoja tu, kisha nao huzifuta. Nilifahamu hilo vizuri. Lakini nilitaka kujiona nikicheza na keki, na shela likinifunika kichwa kisicho na kitu ndani.

Ripoti ikapokelewa, majina yetu yakaingia kwenye orodha. Gervas akapata nafasi yake ya masomo. Aliondoka wiki mbili kabla ya ndoa, wakati tangazo letu lilikuwa limekwisha kusomwa kanisani. Akaahidi tutafunga akirudi likizo. Mwanzoni alipiga simu kila siku. Kisha kila wiki. Kisha akawa ananitumia picha za theluji bila neno lolote.

Mwezi wa saba tangu tuandikwe, barua pepe ikaja kutoka kwa watunza orodha. Ilikuwa ya heshima sana, na heshima ile ndiyo iliyonitisha. Mtu wa nchi nyingine alikuwa ameipima jozi ya Nge, akakuta nyota ndogo inakwenda mbio. Alikuta kile kile nilichokikuta mimi! Wakauliza, iweje wapimaji wa Morogoro kwa miaka sita mfululizo waione ikitambaa?

Wakaendelea. Walikuwa wamezipitia na zile jozi arobaini. Tano kati yake zimebanana kiasi kwamba darubini ile haina uwezo wa kuzitenganisha. Kwenye picha huonekana doa moja tu. Lakini Gervas alikuwa ametoa umbali na pembe, tena kwa desimali tatu. Angefungua picha moja tu, moja, angejua. Hata kudanganya nako kunataka mtu mwenye bidii.

Kabla sijajibu, yeye alishajibu. Alinitumia na mimi nakala, sijui kwa ujasiri au kwa uzembe. Aliandika kwamba vipimo vyote vilifanywa na Mwalimu Skolastika, yeye alisaidia lugha tu.

Nikampigia. Nilikuwa nalia. Akaniambia nisikilize kwa utulivu, kwamba yeye ana masomo na anaweza kufukuzwa.

"Lakini wewe, Skola, una nini cha kupoteza? Uko Morogoro tu."

Nikakata simu. Hiyo ndiyo ilikuwa talaka yangu kabla ya ndoa.

Vipimo vyetu vyote vikaondolewa, vyake na vyangu, hata zile jozi kumi na tatu nilizozipima kwa haki. Watunza orodha walisema nikiwa na picha za asili watavipima upya na kuvirudisha. Picha za asili! Nilikuwa na video ya keki.

Nilipanda Matombo kumweleza mama kwamba hakuna ndoa. Alikuwa anaanika mdalasini, hakuacha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza.

"Mwanaume anapatikana, mwanangu. Wamejaa. Hiyo kazi yako ya miaka sita, yenyewe inapatikana tena?"

Nilikaa nikamsaidia kugeuza magome.

Baada ya miezi miwili Gervas akaibuka. Msimamizi wake wa masomo alikuwa amesikia habari, anataka uthibitisho. Akaniandikia, "Dada Skola, za siku? Naomba zile picha za asili, haraka kidogo." Dada! Nikamjibu kwamba nilizifuta ili video ya send-off yetu ipate nafasi, na kama video itamsaidia kwa msimamizi wake, nimtumie. Hajajibu mpaka leo.

Na mimi nikaketi, nikaandika barua yangu. Sikumtaja yeye kwanza, nilianza na mimi. Niliandika kwamba nilijua zile arobaini hazikupimwa, nilijua namba zangu zimebadilishwa, na nilitia sahihi kwa hiari yangu. Watunza orodha walinishukuru. Picha za mwaka wa mwisho zilikuwa bado hazijafutwa kule kwenye darubini, wakaniruhusu nizipime upya mbele ya macho yao, kwa mtandao. Leo nina mstari mmoja wa jozi ya Nge katika orodha. Pembeni yake kuna maelezo kwamba vipimo vya awali vya mpimaji huyu viliondolewa.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mabinti mnaosubiri kuitwa mke wa mtu. Ulichokiona kwa macho yako usikibadilishe kwa ajili ya mwanaume, wala cheo, wala haya ya kuonekana unajua sana. Na ukishaona mwenzako anatazama jibu kabla ya kutazama kazi, usingoje miaka sita kama mimi. Kimbia, hata kama anakuletea chapati.

Wengine huniambia basi, si unapima tena, kuna hasara gani? Hawaelewi kitu. Nyota haikungoji. Pale ilipokuwa mwaka ule imeshapaacha, na itachukua zaidi ya karne mbili kurudi hapo. Mwaka uliopita bila kupimwa haupimiki tena na mtu yeyote, hata awe na darubini ya namna gani.

Namba zangu za kweli ninazo, zimeandikwa kwa kalamu kwenye daftari la kaunta, mwaka baada ya mwaka, sahihi kabisa. Niliwatumia. Wakanijibu kwa upole kwamba hawawezi kuzipokea, kwa sababu hazina picha, na zimeandikwa na mimi.