Pumzi ya Babu Rachid

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Assia alimpelekea babu yake chai ya tangawizi uani. Babu hakuigusa chai hiyo mpaka atege kitendawili. Ndivyo walivyoamkiana wao, pale mtaani Buyenzi.

"Mgeni wangu anaingia na kutoka usiku na mchana, wala habishi hodi," alisema Babu Rachid siku hiyo.

"Panya?"

"Panya wako wewe! Nipe mji."

"Nakupa Rumonge."

"Nimefika Rumonge, nimekula samaki wa mukeke, nimeshiba, nimerudi. Mgeni ni pumzi, mutoto wangu!" Babu akacheka, lakini kicheko kikageuka kikohozi, akajishika ubavu.

Babu Rachid alikuwa fundi magari tangu ujana wake. Sasa madaktari walikuwa wameona uvimbe mbaya kwenye pafu lake. Walitaka kuuchoma kwa mionzi, yaani miale yenye nguvu isiyoonekana kwa macho. Kwanza, hata hivyo, ilibidi apigwe picha kwa mashine iitwayo skana, ili wajue pa kulenga.

"Picha ni leo mchana," babu alinong'ona. "Mara ile waliponipiga picha ya kifua, kijana mmoja aliniambia, shika pumzi, mzee! Kumbe mutu akipumua, picha inaharibika. Basi leo mi nitaishika mpaka washangae. Ila usimwambie mutu, hata shangazi yako. Wakijua najikaza hivi, watadhani sina nguvu, watanirudisha nyumbani."

Assia akaahidi.

Mchana alitoka shule, akafuatana na babu na shangazi Soumaya mpaka hospitalini. Irène, mama aliyesimamia skana, alimlaza babu kwenye kitanda chembamba, akamwekea kijisanduku chepesi juu ya tumbo.

"Kamera ile ya ukutani itakitazama kisanduku hiki kikipanda na kushuka," alisema. "Usitikisike, mzee, ila pumua kama kawaida."

"Usitikisike" babu alilisikia vizuri. Yaliyofuata yalimpita.

Assia na shangazi walisimama na Irène chumba cha pili, nyuma ya kioo kinene. Kwenye skrini, mstari wa kijani ulipanda na kushuka pamoja na tumbo la babu. Mara ukanyooka, ukakaa hivyo kwa muda mrefu, kisha ukaruka juu kama chura aliyekanyagwa. Ukanyooka tena.

Irène akasimamisha mashine. "Mzee hupumua hivi hata nyumbani?"

"Labda ni ugonjwa," alijibu shangazi kwa wasiwasi.

"Kama ni hivyo, hatutajua uvimbe unapita wapi anapopumua. Itabidi tupanue sehemu ya kuchoma, na mionzi itaunguza hata nyama isiyo na ugonjwa. Tena daktari anaweza kusema tiba hii haimfai."

Assia akamtazama babu kupitia kioo. Akisema, babu atajua nani ametoa siri yake. Akinyamaza, babu ataunguzwa pasipostahili, au atakosa dawa kabisa.

"Anaizuia!" alisema kwa nguvu. "Babu anaizuia pumzi. Ameniambia nisiseme."

"Wee Assia!" shangazi alishtuka. "Na wewe umenyamaza tangu asubuhi?"

Irène akaingia haraka kwa mgonjwa, Assia nyuma yake. "Mzee wangu, kumbe unashindana na mashine?"

"Kwenye picha ya kifua si niliambiwa nishike pumzi?" alijibu babu, kisha akamtazama mjukuu wake. "Umeniuza."

"Babu," alisema Assia, "gari likitetemeka, unalizima ndipo ulisikilize?"

"Fundi gani huyo! Unaliacha liwake kwenye ralanti, likinguruma polepole, hukanyagi mafuta. Ndipo unajua linatetemekea wapi."

"Basi hawa wanataka ralanti yako. Wewe unawazimia injini!"

Irène alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda.

"Ni hivyo hivyo, mzee. Uvimbe wako unapanda na kushuka kila unapopumua. Mashine inapiga picha nyingi, kisha inazipanga kwa kufuata mstari wa pumzi yako: za pumzi ikiingia mahali pake, za pumzi ikitoka mahali pake. Hapo tunaiona njia yote ya uvimbe. Picha yako ya zamani ilikuwa ya kufumba na kufumbua, ndiyo maana uliambiwa ushike pumzi."

"Na leo mbona hamkuniambia?"

"Nilikuambia. Ulichukua neno moja, mengine ukaniachia mwenyewe."

"Eee, hiyo kweli," babu alikiri, akalegeza mabega.

Safari hii mstari ulikwenda vilima na mabonde, taratibu, mpaka mashine ikamaliza. Daktari alizitazama picha, akaridhika, akampa babu siku ya kuanza mionzi.

Nje ya hospitali, babu alimshika Assia mkono.

"Niliogopa kurudishwa nyumbani, nikakutwika siri isiyo yako. Mutu anayekutibu usimfiche kitu, maana analenga kwa kile anachokijua. Na mutu mukubwa akikuambia ufiche jambo linaloweza kumuumiza, wewe sema."

"Hata kama ni wewe, babu?"

"Hasa kama ni mimi."