Tumeshamweka

Kornelio alitoka Kinjumbi na pishi ya chumvi na chupa ya mafuta ya taa, akashika njia ya milimani jua likiinama. Ulikuwa mwaka ule Waingereza walipofyeka mapori ya Nachingwea ili wapande karanga, na watu hawakuwa na habari nyingine midomoni. Yeye karanga hazikumkosesha usingizi. Kilichomkosesha usingizi ni mkewe, Romana.

Mimba mbili zilikuwa zimeshamharibikia. Hii ya tatu ilifika mwezi wa saba, na sasa ni siku ya sita hataki chakula. Anataka harufu. Harufu gani? Hawezi kueleza. "Tamu," humwambia mumewe, "kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa."

Bondeni, penye kijito, harufu ikamkuta.

Kornelio akasimama, akainua uso. Ilitoka juu, kwenye mkuyu.

Lilikuwa ua ambalo watu wa kule huliita mlahewa, kwa kuwa haligusi udongo. Hukaa juu ya mti, kivulini, panapopita unyevu wa kijito, mizizi yake ya kijivu ikining'inia nje na kunywa hewa. Mchana halinuki kabisa. Jua likizama tu, maua yake meupe yenye mikia mirefu hujaza bonde zima. Kornelio hakuyajua hayo. Yeye ni Mmwera wa upande wa Lindi, kule kaja kuoa tu, na mkwe haambiwi kila kitu.

Akapanda. Kwenye panda ya mti palikuwa na milahewa miwili, imekaa bega kwa bega. Akauchagua uliochanua. Mizizi yake ilikumbatia kifurushi cha magome makavu, akavibandua vyote pamoja. Mzizi mmoja ukamzunguka kidole cha mwisho.

Ukakaza.

"Mizizi bwana," akasema kwa sauti, akajilazimisha kucheka. Alishuka haraka kuliko alivyopanda.

Nyumbani Romana alivuta ile harufu mpaka machozi yakamtoka, kisha akala ugali akamaliza sahani. Kornelio alifurahi mno. Naye ni mkulima, mmea haumshindi. Alichukua chungu kikuukuu, akatia udongo mweusi wa mgombani, akaifukia mizizi yote pamoja na magome yake. Akashindilia kwa viganja, akamwagia maji, akakiweka barazani na kujisifu.

Siku ya tatu majani yakawa manjano, maua yakapukutika. Harufu haikuondoka. Na kila magharibi, ndani ya chungu...

Kwaruu... kwaruu...

"Panya," Kornelio alisema, wala hakwenda kutazama.

Siku ya saba, mchana, Romana alimshika mkono. "Hachezi," akanong'ona. "Tangu jana hachezi." Kisha uchungu ukamshika kabla ya wakati wake. Kornelio alikimbia kumwita mama mkwe, Bi Apolonia, aliyekaa kilima cha pili.

Bi Apolonia alifika na wanawake wawili. Wale waliingia ndani moja kwa moja. Yeye alisimama barazani, pua zikimcheza.

"Hicho umekitoa wapi?"

"Mkuyuni, mama. Kule bondeni. Romana alitamani harufu."

"Ukamtia mchangani?"

"Nimeupanda, mama. Mmea si unataka udongo?"

Bibi alishika nguzo ya baraza. "Mimba zile mbili zilipoharibika, tulipotoka kule bondeni, tulikwambia nini?"

Kornelio alikumbuka vizuri. Mara zote mbili wanawake walirudi jioni, wakamwambia neno moja tu: tumeshamweka. Alidhani ni namna yao ya kumpunguzia uchungu.

"Tumeshamweka," akajibu.

"Tulisema tumemzika?" Sauti yake ilishuka. "Mtoto ambaye hakulia hatumtii ardhini, baba. Tunamweka juu, hewa imlee, mpaka apate njia ya kurudi kwa mama yake. Huyu alikuwa anarudi. Wewe umemfukia. Mrudishe kabla jua halijazama!"

Kornelio aliuchimbua kwa kucha. Magome yalikuwa yamefumuka. Hakutaka kuona kilichokuwamo. Alikimbia bondeni akipiga ishara ya msalaba, akapanda, akaufunga mlahewa kwa kamba pale pale ulipokuwa. Jua lilikuwa bado linaonekana. Kidogo tu, lakini lilionekana.

Alipokaribia nyumbani alisikia kilio cha mtoto.

Kichanga! Kinalia! Alikimbia akicheka na kulia.

Bi Apolonia alikuwa mlangoni. Hakuna aliyepiga vigelegele.

"Amelia, mama! Nimemsikia!"

"Wa ndani hajalia," bibi akanong'ona. Akageuza macho barazani.

Kile chungu. Kilikuwa na udongo mtupu. Na ndicho kilicholia.

Bibi akamtia mikononi kifurushi cha magome, kibichi, kilichofungwa vizuri. "Huyu utamweka mwenyewe. Mahali unapajua."

Kornelio alipokipokea, chungu kikanyamaza.

Na ndani ya kifurushi, kitu chembamba kikamzunguka kidole cha mwisho. Kikakaza.

"Nenda," bibi akasema, "giza linaingia."

Mpaka leo wako wanaomlaumu kwamba hakukifunua kile kifurushi. Ni rahisi kusema ukiwa umekaa kwako na taa inawaka. Yeye aliogopa, akaenda. Akapanda mkuyu, akafunga kamba, na ilimbidi akibandue kile kitu kidoleni kwa nguvu.

Kilikuwa na joto.